Juzuu ya Pili

Maktaba ilikuwa na juzuu ya kwanza na ya tatu.
Ya pili ilikopwa mwaka ambao hata karani haukumbuki,
na aliyeikopa, kwa hisabu yetu, alishalala Kikowani.

Shangazi Barke hakujali.
Mchana alipiga taipu kwa wakili, Barabara ya Digo,
usiku alikunja miguu mkekani kwetu Mkanyageni,
kitabu kizito mapajani kama mtoto anayekataa kulala,
akakisoma machoni Kizungu, mdomoni Kiswahili,
na wanawake wanne waliokuwa wakitia nakshi kofia za duka la Zuwena
wakamsikiza, sindano juu, sindano chini.
Mimi nilikuwa mtia uzi. Macho yangu yalikuwa machanga.

Nilidhani Uingereza ni mtaa ulio nyuma ya Kuze.
Kulikuwa na yatima aliyelishwa kwa masimango,
ami aliyeweka mkono juu ya mali ya marehemu,
barua iliyofika ikiwa imekwisha kusomwa na mwengine,
binti aliyeposwa kwa ajili ya nyumba, si kwa ajili yake.
"Hawa ni Wazungu kweli?" akauliza Nuru binti Shee.
"Wazungu wa zamani," Shangazi akajibu,
"wakati bado walikuwa na jamaa."

Ukungu ndio uliowashinda.
Nani amewahi kuona mji ukipotea saa sita mchana?
Shangazi akauita moshi wa kuni mbichi
jikoni kwa mke mwenza,
na kila mtu akakohoa.

Juzuu ya kwanza ikaisha mwezi wa Rajabu.
"Na ya pili?"
"Ninayo," akasema,
akafungua daftari la hisabu ya maziwa
akasoma kana kwamba pameandikwa.

Ndipo akaingia mjane.
Mjane wa London, mwenye nyumba ya mlango mmoja na roshani mbili,
na mashemeji watatu wanaomwambia hakuna hati yenye jina lako,
hama kwa wema.
Na hati, akasoma Shangazi polepole, akigeuza ukurasa wa maziwa,
hati ipo. Imo kabatini kwa wakili,
droo ya chini, bahasha ya kaki,
na karani mmoja anaiona kila siku
na ameapa kutosema.

Bi Mishi aliacha kushona.
Mlango wake ulikuwa mmoja. Roshani zake zilikuwa mbili.
Tone la damu likaingia kwenye kofia nyeupe,
na Zuwena, kwa mara ya kwanza, hakutaja bei ya kitambaa.
"Endelea," Bi Mishi akasema. "Hiyo droo, ya mkono gani?"
"Wa kushoto."

Kesho yake alivaa buibui jipya akenda kwa kadhi.

Miaka thelathini na moja baadaye, Mwembe Tayari,
chini ya fungu la vitabu vya mitihani na vya kutengeneza friji,
nikaiona, mhuri wa maktaba bado wang'aa,
mgongo umeliwa na mende. Shilingi mia na hamsini.
Niliimaliza usiku mmoja. Hamna mjane.
Mna homa, mna gari la farasi, mna mvua kurasa kumi na moja,
na kasisi wa maneno mengi
ambaye sisi hatukumkosa hata siku moja.
Lakini karibu na katikati
mtumishi asiyetajwa jina ameshika taa ngazini,
anasikia siri isiyo yake, na anasimama.
Mstari mmoja tu. Anasimama.
Nikafunga kitabu kwa kidole ndani, nikakaa.

Nikampelekea Bi Mishi. Yuko nyumba ile ile,
macho yamefunga, masikio bado.
Nikamsomea kwa njia ya Shangazi.
Alivumilia homa. Alivumilia farasi.
Kwenye mvua akaniwekea mkono gotini.
"Sicho hichi, mwanangu," akasema. "Umeuziwa kibovu.
Kalete daftari la maziwa."