Nta Chini ya Kibuyu

Babu wa babu yangu, Icharia wa Gathecha,
alilima mteremko huu wa Uthiru
Nairobi ilipokuwa bado maji baridi tu na matete,
na vyura wakibishana usiku kucha.
Alikuwa na viazi vitamu, njahi, mtama,
wake watatu, na ulimi mmoja
uliojua kutaja bei kwa lugha nne.

Msafara wa pwani ulipopiga kambi ng'ambo ya mto,
wapagazi mia mbili, matumbo mia mbili,
hakukimbilia msituni kama wengine.
Alishuka na kibuyu chake cha kupimia,
nyuma yake wanawe, migongo imepinda kwa maharagwe.
Vibuyu kumi, mkono mmoja wa merikani.
Vibuyu thelathini, shanga za buluu na waya wa shaba.
Hakuna mpwani aliyetia kidole ndani
akagusa nta ya nyuki, unene wa vidole viwili,
imelala chini kama mtoto aliyeambiwa anyamaze.

Kwa nta ile alipata mbuzi.
Kwa mbuzi akaingia barazani.
Akaketi humo miaka kumi na saba
akiamua mipaka, mahari, nani kamloga nani,
na inasemekana hakuwahi kula cha mtu.
Inasemekana.
Waliosema walikuwa wakila nyama yake.

Kisha nzige. Kisha mvua ikakataa, mara mbili.
Kisha ndui, na reli ikija inanusa njia kutoka Athi.
Majirani walipanda mteremko na vikapu vitupu
naye akafungua ghala.

Hapo ndipo ukoo wetu unapogawanyika.
Shangazi Gathoni anaapa: usiku ule aliikwangua nta,
akaitupa motoni, boma zima likanukia asali,
na asubuhi kila mlango ukapata kibuyu kamili.
Mzee Rugongo hucheka mpaka akakohoa:
alipima vilevile! Ndiyo maana sisi tuna shamba
na wenzetu wana hadithi.

Kibuyu ninacho mimi. Kimepasuka ubavuni,
kimeshonwa kwa uzi wa katani.
Nimeingiza kidole. Kuna kitu kinanata.
Huenda ni nta.
Huenda ni moshi wa miaka mia na ushee.

Mimi nauza maharagwe soko la Kangemi,
na mwaka huu nagombea kiti cha wadi.
Picha yangu iko kwenye nguzo za stima, inacheka kunishinda.
"Mama wa Haki," vijana wameandika. Sikuwatuma.
Gorogoro langu lina kitako kilichobonyea kwa ndani.
Nililinunua hivyo. Kila mtu hapa hulinunua hivyo.

Jana alikuja mjane wa fundi viatu
na noti alizozikunja mara nane.
Alilitazama gorogoro, hakunitazama mimi.
Nikampimia, nikaongeza konzi moja juu.
Akashukuru. Akasema kura yake ninayo.

Sasa nimefunga kibanda. Debe liko gotini, kichwa chini.
Nyundo ni ya jirani, muuza kuku,
na jirani ameshakwenda kwake.
Nalisukuma kwa kiganja kutoka ndani.
Bati linalia, linatoka, linarudi.
Linalia, linatoka,
linarudi.