Sahihisho

Chuo kimenunua kabati la vioo.
Ndani yake gauni jeusi la harusi, kinu cha kahawa,
na Biblia iliyoliwa na mchwa
tangu Mwanzo hadi katikati ya Kutoka.
Mkuu wa chuo, Bwana Ademar Wickert, alikata utepe.
Alisema: urithi. Akarudia: urithi.
Bendi ya wanafunzi ikapiga, kaptura zao za ngozi
zimeagizwa kwa posta, bado zanuka duka.

Mimi ni karani wa maktaba. Nilipewa kinasa sauti.
Tulimketisha Bi Edeltraud Schwantes, miaka tisini na mmoja,
kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu;
akashika meza asije akateleza.
Mwalimu mgeni kutoka Berlin akamwonyesha picha.
Hiki nini, mama?
"Kaminyong," akajibu bibi papo hapo,
maana ndilo lililobeba viazi vya baba yake
kwenye tope jekundu la vilima hivi vya kusini mwa Brazili.
Mwalimu akatabasamu kwa adabu:
"Hicho Kireno. Kwa Kijerumani ni Lastwagen."

Bibi akafunga mdomo kama afungaye mkoba sokoni.

Nilikisikia kimya kile kwenye hedifoni.
Ni kimya cha mwaka ule polisi walipoiharamisha lugha,
baba akazika kitabu cha nyimbo chini ya banda la nguruwe,
mama akawaita watoto kula kwa kugonga sufuria,
mwiko ukawa ndio ulimi wa nyumba.
Dakika nne nzima
mashine ilirekodi saa ya ukutani.

Akaingia Jussara, binti wa mpishi wetu,
asiye na babu hata mmoja aliyetoka Ulaya,
lakini amekulia jikoni kwa majirani.
Akatua kikombe. Akauliza kwa lugha ileile,
yenye tope miguuni na Kireno mfukoni:
Na hiyo kaminyong ya baba, bibi, ilikwama wapi?

Weee!
Lilitajwa daraja. Wakatajwa maksai wawili waliolivuta,
mmoja mvivu. Likatajwa na tusi la baba,
nami nimeliandika kwa herufi zake zote.

Kabati linang'aa; nalipangusa kila Ijumaa.
Jana mwalimu wa Berlin alikuja kaunta, taratibu,
daftari mkononi, akauliza neno lile
nimeliweka wapi kwenye kamusi ya chuo.

K, mwalimu.
Mstari mmoja chini ya kahawa.