Maji Huchemka Mapema

Hapa El Alto maji huchemka mapema.
Usidanganyike na povu: maharage hayana habari.
Kwa hiyo saa kumi alfajiri nimeshawasha gesi,
shali mbili mgongoni, barafu kwenye kioo cha dirisha,
na Illimani bado ni giza tu lililosimama.

Watoto thelathini na watatu.
Mama zao huuza soksi, betri, vitunguu;
huwaacha mlangoni saa moja kasoro, pua zinachuruzika,
na katika kila koti pakiti nyekundu ya biskuti.
"Ili asilie, Donya Eulalia."
Nazipokea. Nazipanga juu ya kabati.
Jioni nazirudisha zilivyo,
tukatazamana, mimi na mama, kama watu wanaodaiana.

Waraka ulikuja na muhuri: sukari ipungue,
soda marufuku, mboga kila siku, yai mara tatu kwa wiki.
Waraka haukuja na mayai.
Nikashuka sokoni mwenyewe,
nikabishana na Donya Casilda juu ya trei moja
mpaka akanitupia karoti zilizopinda, za nyongeza:
"Wape wale panya wako."

Karoti iliyopinda ikishakwaruzwa, nani ataijua?
Kinoa naiosha mara saba, mpaka uchungu wake ukate tamaa.
Saa nne, nusu chungwa kwa kila mkono.
Na sukari ya uji wa tufaha
nimeipunguza kijiko kimoja kila Jumatatu,
kimyakimya, kama mwizi anayerudisha mali.
Wiki ya tano hakuna aliyegundua,
ila Nayeli, ambaye hugundua kila kitu.

Wilder hakula.
Siku kumi na moja sahani ilirudi kama ilivyokwenda.
Muuguzi alimning'iniza kwenye mizani,
akaandika, akafunga daftari, akaomba chai.
Nilikifanya kijiko kuwa ndege. Nilikifanya treni.
Nilijaribu na hasira, Mungu anisamehe.

Alhamisi alinikuta uani, juu ya kreti,
namenya maharage mapana, mabichi.
Hakuuliza. Alichukua ganda, akalipasua kwa kidole gumba:
ndani sufi nyeupe, na punje nne zimelala
kama wenzake saa saba mchana.
Akaitia moja mdomoni.
Akakunja uso. Akaitema kiganjani, akaichunguza,
akairudisha.

Sikupiga makofi. Niliendelea kumenya.
Jikoni sufuria ilikuwa inatokota tangu alfajiri,
makelele matupu.
Nikaingia, nikachoma punje kwa uma.
"Bado," nilimwambia.
"Bado," akasema, neno lake la kwanza kwangu,
akavuta kreti nyingine, akakaa.