Jicho la Haromu

Sisi tuliouona mnara ule ukiwa kifusi,
tukaupenda hivyo hivyo, kifusi,
misimu sita,
leo tumeitwa kuutazama unajengwa.

Kibandani kwa Mhululo, Nkuhungu.
Viti vya plastiki, kiingilio mia tano,
umeme wa kubahatisha.
"Hii ni ya kabla," anatangaza kwenye kipaza sauti,
"hawa ni babu zao wale mliowalilia."
Yeye ndiye mfasiri. Mfalme wa milimani
akifumbua kinywa kwa lugha yake ya kukwaruza koo,
Mhululo anamsemea: "Mbukwenyi!"
na kibanda kizima kinaitikia.

Mimi ni fundi, siwezi kutazama kama wengine.
Farasi wanapita, bendera, tarumbeta,
macho yangu yako kule nyuma, kwenye jukwaa la miti,
kwa vibarua wanaovuta mawe kwa kamba.
Mchanga mwingi, chokaa haba.
Timazi hawana.
Ikanitoka: "Huo hausimami!"
Mtu wa nyuma akanigonga bega:
"Kwani wewe hukujua kwamba hausimami?"

Nilijua.
Mwenzangu, hapo ndipo penye tabu,
na utamu pia uko hapo hapo.

Haromu tulimjua mzee wa jicho moja,
sauti jiwe la kusagia,
aliyechoma maghala ya watu wake mwaka wa njaa.
Huku ana miaka saba.
Ana macho mawili.
Anakimbiza mbuzi, anacheka, pengo mbele.
Kila kijiti anachookota, moyo wangu paa!
Kila anapoinamia moto, najisemea: ndiyo sasa.
Sehemu nne zimepita, jicho bado lipo.
Sijapata kumwombea adui namna hii.

Ya tatu, niseme kweli, ilinichosha.
Mashauri barazani, mashauri juu ya mashauri,
malkia na nywele za bandia
zimemkaa kama kiota kilichopigwa na upepo.
Hata Mhululo aliishiwa,
akaanza kututangazia bei ya zabibu za Hombolo.

Wendo, binti yangu, msimu ule wa kwanza kabisa
alikuwa darasa la tatu.
Alitazama vita vyote ndani ya khanga ya mama yake,
jicho kwenye tundu la khanga.
Sasa yuko chuoni, Iringa.
Nikamwandikia: mnara umefika ghorofa ya pili.
Akajibu upesi: Baba, usinisimulie mwisho!

Mwisho upi, mwanangu?
Mwisho si tuliula pamoja, na karanga za kukaanga,
ukasinzia begani kwangu kabla mnara haujatulia chini,
nikakubeba hadi nyumbani, Julai,
vumbi likitupiga usoni njia nzima.
Mwisho ninao.
Ni mwanzo ndio sikuutazama vizuri.
Neno lako la kwanza lilikuwa lipi?
Mama yako anasema "maji". Mimi nilikuwa saiti,
nikirudi nakukuta umelala,
nikiondoka nakuacha umelala,
miezi kumi na mitatu, ghorofa nne.
Hakuna atakayenirudishia hiyo kibandani.

Jumatatu, Mtumba.
Jua halijakomaa na upepo umeshaamka,
unaokota mifuko mitupu ya saruji na kuirusha ng'ambo ya uzio.
Chiwanga, kibarua mpya, anapandisha tofali na mluzi,
mluzi ule ule wa waashi wa Haromu, nadhani,
au nimeanza kuchanganyikiwa.
Nikawaza: huenda wako mahali wamekaa,
viti vya plastiki, karanga mkononi,
wanatujua sote kwa majina na tutakavyokuwa,
na mmoja wao, fundi, hawezi kunyamaza.

Nikaagiza timazi.
Ukuta ulikuwa sawa. Nikapima tena.
Hapo juu Chiwanga akaacha mluzi,
akafikicha jicho,
nami nikajikuta nimeshapanda ngazi nusu,
napiga kelele, "Usilisugue! Usilisugue, nakuja!"

Lilikuwa vumbi tu.