Kisahani Hakina Mashavu

Siwema alinunua mafuta ya karafuu
kwa Kibwana, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
chupa ndogo kama kidole gumba.
Aliambiwa: siku tatu tu, uso kama yai.
Hakuambiwa ayazimue.
Usiku ule shavu likawaka kama pasi ya mkaa,
asubuhi akaenda shule na baka jekundu,
chunusi zikiwa palepale, zimekaa kitako.

Mimi shangazi yake niliajiriwa kuosha vioo maabara.
Siku hizi napanda vijidudu.
Nimeona kwa macho haya:
tone la mchaichai
katikati ya kisahani kilichojaa vijidudu vya chunusi,
na baada ya siku chache, duara safi kulizunguka,
kama uwanja uliofagiliwa alfajiri.
Moyo uliniruka.
Daktari Mlawa akanitazama juu ya miwani:
"Kisahani hakina mashavu, Bi Mwanahija.
Hakitoki jasho la Februari.
Hakibalehe."

Kisha akanisomea kilichopo:
mafuta ya mti wa chai, ule usionyweka,
asilimia tano, yalipakwa nyuso za watu;
yalichelewa kuliko dawa ya dukani,
ila yaliwasha wachache zaidi.
Na mengine?
Watu ishirini hapa, thelathini kule, wiki sita,
na mara nyingine muuzaji ndiye mpimaji.
"Andika *huenda*," akasema.
"Neno dogo, lakini halidaiwi."

Nikarudi Keko na huenda yangu mfukoni.
Siwema alitaka ndiyo.

Tulibishana mpaka wali ukaungua.
Mwishowe: tone moja ndani ya kijiko cha shubiri,
kwanza kwenye kiwiko, siku mbili, tuone kama ngozi italalamika;
halafu shavu la kushoto peke yake.
La kulia lipakwe shubiri tupu, liwe shahidi.

Kila Jumamosi alihesabu mbele ya kioo cha dirishani,
umeme ukikatika, kwa tochi ya simu,
akaandika kwenye daftari la hesabu, miraba midogo,
wiki moja akaruka kwa sababu ya harusi ya Mbagala
na akaandika hivyo pia: *harusi, poda nyingi*.

Wiki ya nane: kushoto tisa, kulia kumi na moja.
Nilidhani atapiga vigelegele, au atalia.
Aligongesha kalamu kwenye meno.
"Mbili," akasema, "zinaweza kuwa bahati tu.
Shangazi, nitafutie mashavu mia."