Nyafwono Mara Mbili

Mashine ya valvu haitaki haraka.
Tulingoja vioo viive, vyekundu kama makaa ya mwisho jikoni,
Nyafwono akikaza nyuzi za tongoli,
akiuliza kama umeme wa Tororo utangoja nasi.

Kisha akaimba. Valvu ikamlainisha,
ikampaka samli kooni;
hata alipopaza, ikakwaruza kidogo tu, kwa adabu.

Ya transista iliwaka papo hapo
wala haikumwonea haya:
pengo la jino likapiga mluzi,
na lori la saruji likapita katikati ya ubeti wa tatu.

Tukamvisha hedifoni.
"Huyu wa kwanza ni mimi kabla ya mahari," akasema.
"Wa pili ndiye anayedaiwa karo.
Nilipeni wote wawili."