Mtu Kati ya Majani na Mti

Ambakisye karudi kutoka kambi ya barabara
na buti zisizofanana, kofia ngumu ya njano,
na daftari lililoshika lami pembeni.
Miaka miwili alikuwa mshika bendera kule Kyela,
jioni akimfundisha fundi wa greda kusema "ugonile",
naye fundi akimlipa kwa michoro.

Banda la kupimia majani, Katumba, saa nane.
Mvua haijapumua tangu Jumanne.
Lori la kiwanda limezama njiani
nasi tumekaa juu ya matenga yetu.

Akaokota kijiti, akachora topeni
dirisha, na ndani ya dirisha matone manne.
"Hii ni mvua. Wao huiita yu."
Tukatazama dirisha la banda.
Ndilo hilo, limepungukiwa na kioo tu.
Ifula ile ile, imeingia mpaka kwenye maandishi ya watu.
"Basi Tukuyu," akasema, "ina mvua mkiani."
Babu zetu walisema ni mikuyu, mikuyu midogo.
"Hiyo chai!" Lusekelo akadakia,
na banda zima likacheka,
maana hapa uongo ni chai,
na anachopewa trafiki chini ya leseni ni chai,
na kinachomkata mama vidole, kilo kwa kilo,
ni chai.

"Cheka tu. Hata hilo neno limetoka kwao.
Limetembea kwa miguu, kwa ngamia, kwa meli,
likafika huku limechoka, likaomba sukari."

Akachora mtu kaegemea mti: kupumzika.
Mama akaguna. "Sisi tukiegemea mti
nyapara anatuandika neno jingine."
Akasema gari moshi wao huliita gari moto.
Hapo nikanyamaza.
Sisi tulisimama mbali reli ilipopita,
tukaona moshi.
Nani alikuwa karibu na tanuri?

Kisha akafuta yote kwa kisigino,
akachora taratibu, ulimi nje kama mtoto:
majani juu,
mti chini,
na katikati, mabega yameinama kidogo,
mtu.
"Chai," akasema. Safari hii hakuna aliyecheka.
Mama Subilaga aliinama akatazama
kama mtu anayetazama picha ya harusi
akijitafuta kwenye safu ya nyuma.

Mimi ndiye karani.
Kwenye daftari langu mama ni mia nne kumi na saba,
kilo kumi na tisa, toa moja ya maji.
Mvua ikinyesha tunamkata mchumaji,
sijui nani alitunga hesabu hiyo,
naiandika kila siku kwa mkono wangu.
Na penye sahihi, miaka yote,
dole gumba, la zambarau.

Siku ile aliusukuma wino pembeni.
"Nipe kalamu."
Akachora. Mti ulipinda, majani yakagusa namba ya jirani,
ila mtu alisimama.

Jumamosi mlipaji akaleta daftari kwenye mwanga,
akaligeuza, akaligeuza tena.
"Na hii nini?"
"Chai," mama akamjibu.
Mlipaji akabaki na kalamu hewani,
hajui acheke
au ahesabu.